Nilimponda muigizaji kwenye review, kumbe ndiye baba wa mchumba wangu wa Kibosho

Wakuu, heshima kwenu wote.

Kabla hamjaanza kusema nauza chai, naomba mnisome hadi chini. Haya yamenipata mimi mwenyewe, Jumapili hii iliyopita, na hadi sasa nikiwa peke yangu najikuta natabasamu. Naandika haraka haraka, herufi zikiruka mnivumilie.

Mimi ni kijana wa Kirua Vunjo, naishi Moshi mjini, kazi yangu ni kushona. Ugonjwa wangu ni filamu.

Nina rafiki yangu anaitwa Rashidi, kwao ni Majengo. Sisi wawili tuna grupu letu kwenye simu. Tunaangalia filamu na series sebuleni kwao, mama yake anatuletea chai ya tangawizi, tukimaliza tunarekodi voice note ya review na kuirusha. Za Kikorea, za Kituruki, za Kihindi, za kibongo, hatuchagui.

Hatujasomea. Tunaongea kama watu waliokaa kwenye kochi, na nadhani ndiyo maana watu wanatusikiliza. Rashidi ni mtu wa machozi. Tamthilia ya Kituruki ikifika pale mama anapokutana na mwanae aliyepotea, jamaa anakumbatia mto. Mimi ndiye mwenye mdomo.

Sasa mdomo ndio uliozaa uzi huu.

Kuna filamu ilitoka ya vijana wa huku huku, imepigwa Kibosho. Inahusu ndugu wawili wanaogombania kihamba, lile shamba la nyumbani tunaloachiwa na wazee. Tukaipata kwenye flashi, tukaiangalia siku hiyo hiyo. Jamani, kuona migomba ya kwetu kwenye skrini, na ule ukungu wa asubuhi, nilisisimka. Lakini review ni review.

Yule aliyeigiza baba wa hao ndugu alinikera. Ana ndevu za bandia, ana kofia kubwa, na muda wote amesimama tu. Kwenye voice note nikasema hivi:

"Yule baba mtu wangemuondoa wakaweka mgomba, hakuna ambaye angeshtuka. Tena mgomba ungetikisika kidogo, kwa upepo."

Watu walicheka hadi basi. Ile sauti ikatoka kwenye grupu letu ikapanda mlimani. Nikawa naisikia kwenye simu za wateja wangu, nami najisikia mkubwa.

Tuiache hiyo kwanza, niwaambie kuhusu Dafrosa.

Dafrosa ni muuguzi, anafanya kazi Singida. Tulijuana alipokuja likizo akaniletea gauni la kupunguza. Kwao ni Kibosho. Filamu hapendi kabisa, anasema mimi namalizia watu utamu kwa kuwaambia mwisho, kwa hiyo hata review zangu hasikilizi. Tumependana, tumeelewana, ikabaki mimi kwenda kwao kujitambulisha.

Jumapili baada ya misa, Dafrosa akiwa amerudi tena likizo, tukapanda. Mimi na baba mdogo wangu, ambaye ndiye alikuwa msemaji, na mbege yetu, ile pombe ya ndizi, kwenye dumu. Wanaoijua barabara ile wanaelewa nikisema tulifika tumejaa vumbi hadi kwenye nyusi.

Tukapokelewa vizuri sana. Mama yake Dafrosa akatukaribisha ndani, harufu ya machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, inatoka jikoni, mimi roho kwatu.

Mzee akaingia. Nikasimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibuni. Mmepandaje?"

Wakuu, ile sauti.

Hizo ndevu hazikuwepo. Kofia haikuwepo. Lakini mimi nimezoea kusikiliza waigizaji, sauti siwezi kuikosea. Huyu alikuwa yule baba wa kwenye filamu. Mgomba wangu.

Dafrosa alishawahi kuniambia baba yake yuko kwenye kikundi cha maigizo cha parokia. Kwamba kuna watu walikuja kumchukua kwenye filamu wakati yeye yuko Singida, hilo hakulitilia maanani hadi anisimulie. Na kwenye majina ya mwisho walikuwa wameandika jina la utani.

Nikaamua nitakaa kimya. Msemaji si yupo. Baba mdogo akaanza taratibu, tumepita bondeni, tumeona maua mengi, lakini ua moja limetusimamisha. Mzee Plasidi, ndilo jina nitakalomwita hapa, anaitikia kwa kichwa. Halafu akanigeukia.

"Na wewe kijana, unafanya kazi gani?"

"Nashona, baba. Nina kibanda changu hapo mjini."

Akaweka kikombe chini.

"Ongea tena."

"Nashona nguo, baba."

Akamwambia mkewe kwa Kichagga, polepole, na mimi Kichagga cha Kibosho kinanipita lakini nilielewa. Alisema, "Ni huyu."

Nilimwambia baba mdogo kwa kunong'ona jambo lote. Alitoka nje kama anayekwenda kujisaidia, akarudi na jani la isale alilolikata kwenye uzio wa nyumba. Kwa wasiojua, kwetu ukimkosea mtu unampelekea hilo jani, na akishaliona ni vigumu sana kukataa kukusamehe. Akanipa nimpelekee mzee.

Nikapiga magoti. Dafrosa amesimama mlangoni na sahani, haelewi kinachoendelea.

Mzee hakulipokea.

"Isale ni ya mtu aliyekosea," akasema. "Ulichosema ulikuwa unadanganya?"

Wakuu, hapa ndipo nilipoona posa ikiondoka na miguu yake. Nikisema nilidanganya, nimejiita mwongo mbele ya wakwe. Nikisema sikudanganya, nimemtukana mzee ndani ya nyumba yake.

"Hapana baba. Ndivyo nilivyoona."

Baba mdogo alifumba macho.

"Basi kaa kwenye kiti," mzee akasema. "Dafrosa, washa TV. Leo ataniambia nikiwa hapa hapa."

Flashi ilikuwa imechomekwa tayari. Tukaanza kuangalia, familia nzima, na mimi katikati. Kila scene yake anasimamisha kwa rimoti. "Hapa je?"

Nikasema. Nilianza kwa woga, lakini mnajua wenyewe, ukishaanza filamu inakuchukua. "Hapa baba mikono imekufa. Mtoto anakutukana, wewe unaangalia kamera." Akauliza, "Hapa?" Nikamwambia, "Hapa ulikuwa unasubiri zamu yako ya kuongea, hukuwa unamsikiliza." Mama Dafrosa akaguna. Mzee anatikisa kichwa tu.

Halafu ikaja sehemu ambayo, naapa, sikuikumbuka.

Yule mdogo kati ya wale ndugu wawili ameshaondoka nyumbani kwa hasira. Baba amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi za jioni. Hakuna maneno. Anamenya, anaweka kwenye sufuria. Mkono unakwenda kuchukua nyingine, unasimama katikati, unarudi gotini. Anaifunika sufuria.

Basi. Ni hivyo tu.

"Baba, naomba urudishe," nikasema.

Akarudisha. Ule mkono ulikuwa umekumbuka kwamba mtu mmoja hayupo. Mara ya kwanza sikuuona kwa sababu nilikuwa nimeshika simu, naandaa ile mistari yangu ya kuchekesha.

Nikamwambia hivyo hivyo. "Hii niliipita, baba. Nilikuwa kwenye simu. Hii hata hao wa nje tunaowasifia sijaona mtu akiifanya hivi."

Mzee akasema bila kuniangalia.

"Yule kijana wa kamera alisema nijaze sufuria. Mimi nikawaza, mtoto ameondoka, namenya za nani? Ndivyo ilivyokuwa hapa siku Dafrosa alipokwenda Singida."

Dafrosa aliweka sahani mezani, akarudi jikoni. Tulimsikia akipenga kamasi.

Baba mdogo naye akawa anaangalia dari.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe mzee alikuwa na lake.

"Ile sauti yako niliisikiliza hadi mama Dafrosa akanificha simu," akasema. "Nilikasirika sana. Siku moja nikasimama mbele ya kioo nikasema yale maneno yangu ya kwenye filamu. Nikaona mgomba."

Mkewe akaanza kucheka, kisha sote.

Akaendelea kwamba wale vijana wamemuita kwenye filamu nyingine, nafasi kubwa zaidi, na anaogopa. Hapa nyumbani kila mtu anamsifu. Parokiani wanamsifu. Alikuwa ameshaanza kuuliza watu yule wa kwenye sauti ni mtoto wa nani, amtafute, amsaidie kujiandaa.

"Sasa umejileta mwenyewe," akasema. "Tena unataka na binti."

Isale akaichukua, akampa mama Dafrosa aiweke kwenye glasi ya maji. Akasema ni nzuri, isipotee bure. Kuhusu posa, akamwambia baba mdogo turudi na wazee wa ukoo, mazungumzo yapo. Hapo nilitaka kuruka, nikajizuia kwa ajili ya heshima.

Tukala machalari. Mbege ikanywewa. Jua halijashuka, mzee alikuwa amesimama katikati ya sebule anafanyia mazoezi sehemu yake mpya, mimi nimekaa kwenye kochi nasema, "Hapana baba, polepole, msikilize kwanza." Dafrosa, huyo asiyependa filamu, ndiye aliyekuwa anamsomea upande wa pili. Na aliigiza vizuri, nimemwambia, amekataa kuamini.

Tangu juzi mzee yuko kwenye grupu letu. Review yake ya kwanza ni ya tamthilia ya Kituruki. Amesema, "Huyu bwana analia vizuri, ila ameshinda shambani na viatu vinang'aa. Mimi simwamini." Rashidi amekasirika, maana huyo bwana ndiye kipenzi chake.

Somo nililobeba: ukweli usiuache, hata mbele ya wakwe, lakini uwe umeangalia kweli. Weka simu chini. Kuna mtu kwenye ile skrini ametoa kitu chake cha ndani, na wewe unatafuta kichekesho.

Haya, na wewe je? Ulishawahi kuponda filamu, wimbo au hata mahubiri, ukaja kukaa meza moja na mwenyewe? Ulisemaje? Mwageni hapo chini, na mzee atasoma, nimemfundisha namna ya kuingia humu.