Anatajwa na Wasiomjua

Jumatatu nilikuwa kwenye saiba moja ya Garsen, duka la kompyuta na intaneti, nikingoja kuchapishiwa barua, mama mmoja mkulima kutoka Ngao alipoingia na kikaratasi chenye jina la bintiye. Binti huyo ni mwanafizikia ng'ambo, anachunguza chembe ndogo kuliko atomu. Ana miaka saba hajarudi nyumbani.

"Mwanangu, nitazamie," alimwambia dada wa saiba. "Watu wanasema amepotea. Nataka kujua anafanya nini huko."

Dada aliandika jina, akasoma, kisha akatugeuzia kompyuta. "Mama, hizi zote ni tafiti zake. Na hawa ni wataalamu waliomtaja katika tafiti zao." Aliteremsha orodha, akateremsha tena, haikwisha.

"Wanamtaja kwa wema?"

"Wanategemea aliyoyagundua, ndipo waendelee na kazi yao."

Mama aliweka kidole kwenye jina moja. "Huyu ni nani?"

"Profesa wa Japani."

"Anamjua mwanangu?"

"Hamjui, Mama. Amesoma kazi yake tu."

Mama alivuta kiti akakaa. "Hamjui," alisema polepole, "na amemwamini."

Aliomba achapishiwe ukurasa ule mmoja awaonyeshe wa nyumbani, akaukunja taratibu kama cheti cha ndoa. Alipoondoka nilijikuta nimesimama kumpisha.

Mimi naandika safu hii kila juma, na anayenitaja ni jirani yangu peke yake, tena akiwa amepata kosa.