Damu Iliyovujia Msulini

Mwalimu Yustina aliletwa Tukuyu na barua ya uhamisho akiwa msichana, kutoka Bukoba, akafundisha hadi akastaafu. Hakuolewa. Wazazi walipofariki, kwao hakukubaki wa kumwita. Akapanga chumba mtaa wa Msasani, hapo hapo Tukuyu, akawa anaongea na redio.

Alikuwa na ugonjwa wa moyo, na kila jioni alimeza kidonge cha kuzuia damu isigande. Alitakiwa kwenda Mbeya kila mwezi kupimwa damu, lakini safari ya peke yake ilimchosha. Akaacha kwenda, vidonge akaendelea kumeza.

Masika ya mwaka 1997 kikohozi kilimbana. Siku hizo maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yamechipuka kila kona. Akanunua aspirini ya kutuliza maumivu ya kifua, na muuzaji hakumuuliza anatumia dawa gani nyingine, wala kumwambia kwamba nayo huzuia damu kuganda. Siku ya tatu, akikohoa ameinamia jiko, alihisi kitu kimekatika tumboni. Chini ya kitovu pakavimba, pakawa pagumu. Kulipokucha ngozi ilikuwa ya zambarau hadi nyongani, na chumba kikimzunguka.

Akagonga ukuta. Upande wa pili aliishi Ambindwile, mama muuza ndizi. Miaka sita walikuwa wakisalimiana tu.

"Mwalimu, vipi?"

"Tumbo, mama. Nisaidie."

Ambindwile akasimamisha gari la ndizi, wakaenda hospitali.

Daktari aliubonyeza uvimbe. "Tujiandae kumpasua," akamwambia muuguzi.

Yustina akamshika daktari mkono. "Subiri, mwanangu. Ninatumia hivi." Akampa pakiti ya vidonge.

Daktari aliisoma. Akamwambia, akiwa amelala chali, ainue kichwa bila kujishika; maumivu yakazidi.

"Ukikaza msuli maumivu yanazidi, kwa hiyo damu imevujia kwenye msuli wa tumbo, si ndani. Tungekupasua, ungeendelea kuvuja. Tunasimamisha vidonge, tunakuchoma sindano ya kugandisha damu, kisha tunakuongezea damu. Ndugu zako wako wapi wachangie?"

Swali hilo lilimchoma kuliko uvimbe. Akageukia dirisha.

"Sina."

"Mimi nipo," alisema Ambindwile, tayari anakunja mkono wa blauzi.

"Ndaga, mama," Yustina akashukuru kwa Kinyakyusa, machozi yakimtoka.

Uvimbe ulichukua miezi miwili kuisha. Mwaka uliofuata Ambindwile alihamia Kyela kwa binti yake, na katika chumba kile akaingia karani wa kampuni ya chai. Jioni ya kwanza Yustina, asitake tena kukaa miaka bila kumjua jirani, alivaa kanga safi, akaenda kumsalimia mgeni. Alibisha hodi mara tatu. Karani hakuwepo.