Swala Ikianza, Fungua Geti

Damaris Kwamboka alitolewa ulinzi wa duka kubwa kule Deira kwa kosa moja tu: mdomo. Madamu mmoja alimsukumia toroli akamwambia "peleka," naye akamjibu kwamba mikono ya madamu anaiona bado mizima. Kampuni ikamhamishia mahali walipoamini hakuna wa kujibizana naye: shamba la arbab mmoja, tajiri wa Kiarabu, nyuma ya maghala ya Dubai Investments Park, alinde swala kumi na mmoja.

Walisahau kwamba huko kulikuwa na Muhanna.

Muhanna ndiye msimamizi wa shamba. Kazaliwa Al Baraha, humo humo Dubai, nyumba ya Wazanzibari wa zamani, Kiswahili chake kimenyooka kama kanzu yake, na starehe yake kubwa duniani ni kukipiga pasi Kiswahili cha wenzake. Damaris akisema "maji imeisha," yeye hushika kifua kama aliyechomwa mkuki.

"Yameisha, bibi wee! Yameisha! Huko kwenu Nyamira mlisomeshwa na nani, mbuzi?"

"Yameisha, imeisha, hodhi ni lile lile kavu. Jaza."

Ndivyo walivyoamkiana miezi minane, mwaka 2014 ukaingia 2015 bado wanatukanana.

Swala wenyewe hawakuwa wa mchezo. Jina lao hasa ni lechwe, wametoka mbuga za majimaji za mto Kafue, Zambia, lakini jina hilo liliwashinda watu kulitamka, wakaitwa swala basi. Arbab aliwachimbia bwawa la kina cha goti, akawapandia matete. Mzambia aliyewaleta alikaa wiki mbili, na kila alipofungua mdomo Muhanna alikuwa na simu sikioni. Damaris ndiye aliyesikiliza. Kwamba huko kwao mto ulizibwa kwa bwawa la umeme, mafuriko hayaji tena kwa majira yake, makundi yamepungua. Kwamba kwato zile ndefu zilizotanuka ni za tope. Kwenye lami mnyama anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya babake. Kwamba ukimkimbiza sana juani atasimama, utadhani kapona, kesho unamzika.

"Na akishtuka," Mzambia alisema, "hakimbilii kichaka. Anakimbilia maji."

Basi Damaris kichwa kikavimba. Akawatangazia walinzi wenzake kwamba yeye si soja tena, yeye ni daktari wa swala, na mtu akitaka kumtoa pale aje na winchi. Wakamcheka. Wakicheka yeye anazidi kunyoosha shingo.

Nyuma ya zizi kulikuwa na kiwanja cha majani mabichi, na mwisho wake msikiti mdogo ambapo wapagazi wa maghala husali Ijumaa, Muhanna akiwafungulia geti la barabarani. Wiki tatu Damaris alikuwa anaomba swala waachiwe wale yale majani. Kila siku saa sita, alimwambia Muhanna, wanaanza kugonga geti la nyuma la zizi. Muhanna akawa anamjibu kwa mgongo.

Ijumaa moja Muhanna akampigia simu.

"We Damaris, mie n'naenda Al Ras kumnunulia arbab udi, ntachelewa. Swala ikianza, fungua geti la nyuma, waache wapite. Umefahamu?"

"Wote?"

"Wote! Unataka kuwachagua?"

Akakata. Damaris akapiga kofi la furaha. Kumbe jamaa ana masikio! Kwao sala ni maombi, na Waarabu wanasema salah. Swala ni mnyama, tena mwenye pembe. Na kwa Kiswahili cha bara, swala inaanza, swala inakula, swala inalala, hakuna anayeshika kifua. Saa sita na kitu swala ikaanza, tap tap tap kwenye geti. Akafungua.

Wapagazi nao walikuwa nje, wamelikuta geti la barabarani limefungwa, ndilo hilo Muhanna aliloliita la nyuma. Mmoja mrefu akapitisha mkono juu, akavuta komeo. Watu arobaini wenye mikeka upande huu, swala kumi na mmoja upande ule, wakatazamana. Kisha wale wenye miguu minne wakapita katikati ya mikeka kama risasi, wakatokea barabarani.

Muhanna alifika watu wakiwa wanatoka kusali. Zizi tupu.

"Nimekwambia swala! Swala ya Ijumaa!"

"Umeniambia swala ikianza nifungue. Ilianza. Nikafungua."

"Jahili mkubwa! Arbab anafika saa nane. Nitamwambia umewaachia makusudi. Visa yako khalas, kesho unapanda ndege na mdomo wako!"

"Saa nane bado. Kaa kando nifanye kazi."

"Kazi gani? Ntawafukuza kwa pikapu mpaka waingie wenyewe!"

Damaris akasimama mbele ya gari, mikono kwenye boneti. "Ukiwakimbiza kwa hili jua watakufa. Utamwambia arbab nini, kwamba walikuwa na sarufi mbaya?"

Muhanna akarudi nyuma kwa fujo, akamzunguka, akatimua vumbi.

Damaris hakumfuata. Alijua maji ya karibu ni yapi: dimbwi la maji yaliyosafishwa, nyuma ya kiwanda cha matofali. Akamsimamisha Swaibu, Mganda anayeleta maji ya miti kwa tanka, akapanda bila kuuliza.

"Nyabo, mimi nina miti ya kumwagilia!"

"Itakunywa kesho. Endesha."

Wakawakuta kumi wamesimama ndani ya dimbwi mpaka tumboni, wametulia. Wa kumi na moja, jike, yuko pembeni anatoka damu mguuni, na pikapu ya Muhanna imezama kwenye tope hatua tano kutoka kwake. Mwenyewe yuko juu ya boneti, kanzu kaipandisha magotini.

"Nitoeni hapa!"

"Nyamaza," Damaris akamwambia. "Ukipiga kelele tena nakuacha na chura."

Akamwambia Swaibu afungue bomba, aendeshe polepole kurudi shambani. Mchanga ukalowa, ukawa tope, njia nyembamba nyeusi kutoka dimbwini mpaka getini. Damaris akazunguka nyuma yao kwa mbali, hawatazami usoni, hasemi. Dume akanusa. Akaweka kwato kwenye tope. Wengine wakafuata, yule jike mwisho akichechemea.

Arbab alishuka garini Damaris akifunga zizi. Muhanna akaja mbio, tope mpaka kiunoni. "Sir, huyu mwanamke ndiye aliyefungua!"

"Ni mimi," Damaris akasema. "Alisema swala, nikasikia swala. Uliza hao wapagazi, geti lao walilikuta limefungwa."

Arbab akahesabu wanyama, akautazama mguu wa jike. "Na nani aliyewafuata kwa gari?"

Kwa mbali pikapu ilionekana, matako juu.

"Funguo zote mpe yeye," arbab akamwambia Muhanna. "Kuanzia leo hapa ndani unaingia kwa ruhusa yake."

Muhanna akazichomoa, akazitupa kwenye tope miguuni pa Damaris. Damaris akazitazama, akamtazama, akakunja mikono.

"Yalla, Muhanna," arbab akasema.

Akainama. Akaziokota, akazifuta kwa kanzu. Damaris akazipokea bila asante, akachukua ndoo ya maji ya chumvi kwa ajili ya ule mguu. Muhanna akamfuata nyuma, kidole juu, ana neno. Damaris akaingia zizini, akalifunga geti, akalisokota kufuli mbele ya pua yake.

"Ruhusa hakuna," akamwambia, akapiga magoti kando ya jike.