Kipimo cha Vitamini, Kipimo cha Mafuta

Saa mbili asubuhi, njia panda ya Mkiwa. Severina Mghenyi anachota mafuta ya alizeti kwa kikombe kidogo cha bati na kuyamimina kwenye chupa ya mteja, lakini macho yake yako kwa jirani.

Jirani ni Magdalena, muuza kuku. Mwanawe Derick, mwenye miaka mitatu, anakimbia kati ya matenga. Dina wa Severina, aliyempita Derick miezi miwili, amekaa kwenye mkeka. Wote wawili wamezaliwa na hali ya Down, inayomfanya mtoto achelewe kutembea na kusema.

"Nisikufiche," anasema Severina, 34. "Yule mtoto akipita hapa mbio, roho inaniuma. Nampenda, lakini inaniuma."

Mwenye wivu haachi kuchungulia. Mwaka jana aliona chupa ya vitamini ya maji kwenye kapu la Magdalena. Kumbe siri ndiyo hii! Akabana faida ya siku tatu, kama shilingi 18,000, akanunua ya kwake Manyoni. Maelezo ya kwenye boksi yalikuwa ya Kiingereza, hivyo akameza kiburi na kumuuliza mwenzake anampa Derick kiasi gani.

"Kipimo kimoja asubuhi, mama Dina," alijibiwa.

Kwa Magdalena, kipimo ni kile kifuniko chenye mistari kinachokuja na chupa. Kwa muuza mafuta ya kupima, kipimo ni kikombe cha bati.

Chupa ya mwezi mzima iliisha siku ya tatu. Dina akatapika mpaka akalegea, mama akamkimbiza zahanati huku akilia.

"Nilimponza mwanangu kwa kijicho changu," anasema.

Dina alipopata nafuu, muuguzi Calist alimweleza mama yake bila kumgombeza. "Vitamini ni kwa mtoto aliyepimwa akakutwa na upungufu, na kwa kiasi tulichomwandikia. Derick alipimwa. Hakuna chupa ya kuondoa Down wala ya kumtembeza mtoto. Watoto hawa wanahitaji chakula kizuri, kuja kliniki na mazoezi ya kila siku."

Magdalena alikuwa akimsimamisha Derick kwenye tenga kila alasiri, kwa miezi mingi, mbele ya macho ya watu wote.

"Wewe ulikuwa unaangalia kapu langu," alimwambia Severina. "Mimi na mtoto hukutuangalia."

Neno hilo lilimchoma, na bado linamchoma. Lakini tangu siku hiyo Dina husimama kila alasiri akishika ndoo ya mafuta. Sasa anamudu mpaka mama ahudumie wateja wawili.

Tukiwa tunazungumza, Derick anakuja na kumshika Dina mkono. Severina anautoa taratibu.

"Mwache, baba. Atasimama mwenyewe."

Anacheka, anaona haya, kisha anasema anachokitaka. "Kabla ya mavuno ya alizeti, Dina avuke kwa miguu yake mpaka pale kwa kuku. Mimi nitabaki hapa hapa kwenye ndoo. Nataka mama Derick ndiye akae amwangalie wangu akija."