Siku Nilingojesha Bageni Mutu Mwenye Alisha Kufa

Haya ya ile siku inanikamataka hata leo, na kila mara dada yangu anaielezea anaongeza chumvi, donc heri niieleze mwenyewe.

Kuko batu ya Butembo benye banaenda mara mbili ku Kampala kununua vitenge, na bakirudi banataka kutufundisha namna ya kuongoza inchi. Mimi nilikuwa chef yao. Kila jioni ku duka ya rafiki nilikuwa nasema: Congo iache Kifaransa, ikamate Kingereza kama lugha ya serikali, muone kama hatutaendelea (kama vile barabara ya Manguredjipa inangojea lugha tu ili itengenezwe).

Sasa Kavira, mutoto ya dada yangu, akaposwa na kijana Mukonzo wa Kasese, ngambo ya mupaka, mu Uganda. Mbele ya bageni kufika, dada akaniambia: «Tuseme nabo Kinande yetu tu. Kikonzo na Kinande si ni kitu kimoja?» Mimi, mutu mukubwa, nikajibu: «Kinande ni ya ku shamba. Bale banatoka inchi ya Kingereza. Mimi nitatafsiri, mwengine asifungue kinywa.» Njo pale nilijiuzisha.

Bageni bakaingia, bakakaa. Papa moja wa nywele nyeupe, baba mudogo ya kijana, akasimama, akasema Kingereza muzuri, ya kupimwa. Nikasikia «brother», nikasikia «late», na ile «late» naijua, ni kuchelewa, ku mupaka banatuambiaka vile kila siku. Nikageukia jamaa: «Kaka yake njo musemaji wao, mais amechelewa mu njia.» Na yeye nikamujibu kwa sauti: «No problem. We wait him.»

Bageni bakaangaliana. Papa akakaa polepole.

Tukangoja. Bukari, ugali yetu, ikapoa, nyama ya mbuzi ikakauka, Tonton Paluku, mujomba wetu, akatuma motari na pikipiki yake ku barrière ya mupaka akamupokee huyo kaka, motari akarudi peke yake. Nikamuuliza papa tena, na tabasamu: «He is near?» Akainama.

Mama yetu, mwenye alikuwa amechoka kunyamazishwa na mutoto aliyemuzaa, akamugeukia papa, akasema kwa Kinande: «Baba, kaka yako iko wapi? Chakula inapoa.»

Papa akajibu kwa Kikonzo chake, na sisi wote tukasikia kila neno: «Mama, kaka yangu tulimuzika hapa karibuni. Nimesema tu, kama angekuwa hai, yeye njo angetusemea. Na huyu bwana akasema tutamungojea.»

Kumbe «late» ya Kingereza ni marehemu pia. Hakuna mwenye alicheka. Ningependa bacheke. Mama akasimama, akamushika mikono miwili, akalia naye, kisha bakaanza kusemezana, kilio na ndoa pamoja, na mambo yote ikaisha mbele ya bukari kupashwa moto. Mimi hakuna aliniuliza kitu. Kavira akatoka mu chumba, akaniuliza kwa sauti ya chini: «Tonton, ungeniharibia ndoa juu ya nini?» Nikakamata sahani, nikaenda kupasha bukari moto mwenyewe.

Bakiondoka, papa akanipa mukono. Akanisemesha Kingereza, neno moja moja, kama vile banasemesha mutoto wa shule ya primaire: asante kwa kumungojea kaka yangu.

Ku duka rafiki bangali banabishana juu ya Kingereza. Nabaambia Kifaransa ilishatosha kutukosesha kusikilizana, ya nini kuongeza ingine. Na mbele ya bakwe zetu ba Kasese, tangu pale, nakula, nanyamaza.