Mmea Ulioshika Ukuta wa Barani

Chumba tulichopanga mtaa wa Barani, Malindi, kilikuwa na ukuta mmoja unaotazama magharibi. Tangu saa nane mchana jua liliupiga ukuta ule hata ukiweka kiganja kwa ndani, unakiondoa upesi. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi saba. Shingo yake yote ilijaa harara na mchana hakulala, nami sikulala wala sikukaa. Nilimbeba mgongoni nikizunguka naye kutoka chumbani hadi uani, uani hadi barabarani, kisha nikarudi tena chumbani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mume wangu alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Kikambala, na alikuja nyumbani mara moja kila wiki mbili. Kila akija nilimsumbua tuhame, naye alisema mwezi ujao tutahamia karibu na kazi yake. Nami nilikunja nguo nikazipanga katika sanduku la bati, halafu nikaanza kuzitoa moja moja kadiri tulivyozihitaji.

Kwetu bara nilikulia karibu na nyumba ya mawe ya misheni, iliyofunikwa na mmea wa kutambaa kutoka chini hadi paani. Mama alikuwa akifua nguo pale, na nilipomngoja niliegemea yale majani yenye ubaridi. Siku moja nikamweleza mume wangu habari za ukuta ule.

"Hotelini tunao mmea kama huo," akasema. "Unashika ukuta wenyewe, hautaki kamba."

"Niletee."

"Na sisi tunahama! Utampandia nani?"

"Niletee tu."

Akaniletea pingili tano, kazifunga kwa gazeti lililoloweshwa. Nne zilikauka wiki ile ile. Ya tano niliifunika kwa kipande cha kuti, nikawa naimwagia maji niliyomwogeshea mtoto. Niliichungulia mara kumi kwa siku, na mara nyingine nilifukua udongo kwa kidole nione kama ina mizizi. Ajabu ni kwamba haikufa.

Mwenye nyumba alikuwa mjane, mtu mzima wa Malindi hapo hapo, akikaa vyumba vya mbele. Nilimwita Bibi. Siku zangu za kwanza nilimwambia, "Bibi, kuja ukule," akacheka hata akashikilia mlango. "Mwanangu, sema 'karibu chakula'. Huo wako ni wito wa kuku." Tangu siku hiyo akawa ananisahihisha maneno na kuniazima masufuria.

Alipoona mmea umechipua, aliinama akaupapasa. Vijizizi vyake vilikuwa vimekwisha kuuma lipu.

"Hebu nisikilize. Nyumba hii ni ya mawe na chokaa, kaijenga marehemu mume wangu. Chokaa yataka kupumua. Kitu hiki kikiushika ukuta, kitauweka majimaji mpaka uoze. Kikate, kisipite goti langu."

"Sawa, Bibi."

Nikawa naukata. Kila ukifika goti, nautia kisu. Lakini mvua za masika zilipokaribia, binti yake aliyeolewa kijijini Adu akajifungua kwa shida, na Bibi akaenda kumlea. Alisema atarudi arobaini ikiisha. Alikaa miezi mitatu.

Wiki ya kwanza nilikata. Wiki ya pili mtoto alilia kutwa, na mume wangu akatuma salamu kwamba hatakuja, hoteli imejaa wageni. Nikachukua kisu, nikatoka, nikasimama mbele ya mmea ule. Kisha nikarudisha kisu jikoni.

Mvua ikaunyeshea, nao ukapanda. Mwezi wa pili mmea ulikuwa umepita dirisha, na wa tatu ukaingiza vidole chini ya makuti. Chumba kikapoa. Alasiri moja mtoto alilala saa mbili nzima, nami sikujua nizifanyie nini saa hizo. Nilifagia ua, nikaufagia tena, nikaenda mlangoni kumsikiliza kama anapumua.

Lakini kwa ndani ukuta ulianza kuota doa. Mwanzo lilikuwa kama sahani, baadaye likashuka mpaka sakafuni, na unga wa chokaa ukawa unadondokea godoro. Nilisogeza kitanda. Sikumwambia mtu.

Bibi aliporudi hakuingia hata ndani. Aliweka kikapu chake cha mahindi chini, akazunguka moja kwa moja hadi nyuma, nami nikimfuata.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani kakwambia uuache?"

"Umeota wenyewe, Bibi. Mvua ilikuwa nyingi."

Alinitazama. Akashika tawi moja, akalivuta. Lilikuja na lipu pana kama sinia, ikaanguka miguuni petu, na mawe ya nyumba yakabaki wazi. Bibi akaketi kizingitini na buibui lake, akikipangusa kipande cha lipu kwa kidole gumba. Hilo lilinishinda.

"Nimekudanganya, Bibi. Niliuacha kwa kusudi. Mtoto alikuwa halali kwa joto."

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie."

"Mwaka mzima mtoto halali, na vyumba vyangu vya mbele vina baridi!" Sauti yake ilikuwa na hasira zaidi kuliko nilipotaja uongo. "Ungeniambia tu. Mdomo unao."

Kesho yake nilikata shina, tukauacha mmea ukauke wiki tatu ndipo tukaubandua taratibu kwa kisu. Hata hivyo uliondoka na nusu ya lipu. Fundi alichanganya chokaa na mchanga, mimi nikiteka maji, na mtoto alilala kwenye mkeka chumbani kwa Bibi kila alasiri.

Tukiwa katikati ya kazi hiyo, mume wangu akaja amechangamka. "Nimepata chumba. Tunahama Jumamosi."

"Siwezi. Sijamaliza ukuta wa watu."

"Si wewe unayenisumbua kila siku tuhame?"

"Ni mimi."

Tuligombana mpaka jirani akakohoa. Mume wangu akaondoka peke yake, na chumba kile kikachukuliwa na mtu mwingine. Kwa wiki kadhaa nilijiuliza kama nimefanya ujinga. Lipu ilipokauka, Bibi alinionyesha jinsi ya kusimamisha fito mkono mzima mbali na ukuta na kupanda madodoki. Yalijaa upesi, maua ya manjano, na upepo ukapita katikati.

Tulihama mwisho wa mwaka. Chumba cha Kikambala kilikuwa cha mabati, na joto lake lilikuwa la namna nyingine kabisa. Sikutulia pale pia, sitadanganya. Siku ya tatu nilimbeba mtoto, nikabisha mlango wa mama mmoja Mgiriama aliyekuwa na nyumba ya udongo ng'ambo ya njia, nikamwambia mtoto wangu halali mchana. Alikuwa anapepeta mchele. Akasogea kidogo kwenye mkeka, akasema, "Mlaze hapa. Wewe nawe keti, mbona umesimama?"