Mbuta akigusa, kidole cha Achola hakisikii

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji ya ziwa hapa Asembo Bay yametulia, na Achola amefumba macho katikati ya mashua. Hajalala. Anavuta mshipi kwa mkono, polepole, urefu wa dhiraa moja, anatua kidogo, kisha anavuta tena. Huko chini chambo chake, samaki wa mpira, anatikisa mkia kana kwamba naye alizaliwa na mama.

Nyuma yake mumewe, Opondo, ameshika kasia bila kupiga. Anatazama pale mshipi unapozama.

Ghafla mshipi unalegea. Si sana, upana wa kiganja tu.

"Mama Akello, hapo!" anamwita mkewe.

Achola anafumbua macho na kuutupa mkono wote ubavuni. Amechelewa. Ndoano inarudi tupu, na mkia wa mpira una mikwaruzo mipya.

"Gugumaji," anasema.

Opondo anaitazama mikwaruzo ile. Gugumaji halina meno, na yeye analijua hilo sawa na mtu mwingine yeyote wa ufuo huu.

Achola, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, ni mmoja wa wanawake wachache sana wanaoingia majini hapa kuvua mbuta, yaani sangara, kwa mshipi wa mkono. Hatumii nyavu wala samaki hai. Chambo chake ni samaki bandia anayemchonga kwa wembe kutoka kwenye soli za pata pata, yaani ndala, kuukuu, akamfunga plagi mbovu ya pikipiki tumboni ili azame, na ndoano moja kubwa mgongoni.

"Watu walinicheka," anasema. "Wakasema huyu Nyar Kombewa, binti wa Kombewa, anataka kuvisha mbuta viatu."

Kicheko kilikwisha siku alipotua na mbuta wa kilo tisa. Tangu hapo, siku njema humpa samaki wawili au watatu, na kilo moja huuzwa shilingi mia tatu na hamsini hapo hapo ufuoni. Siku mbaya humpa jua tu.

Kuvua alifundishwa na baba yake, kwao Kombewa, upande wa Seme, wakitumia samaki wadogo hai. Sheria ya mzee ilikuwa moja: mbuta akigusa, mwachie ameze. Binti alilishika somo hilo mpaka likaingia mifupani, na ndilo lililomtesa alipohamia kwenye mpira. Kwa miezi miwili hakunasa chochote.

"Nilikuwa nangoja ameze," anasema. "Nani atameza pata pata? Anaonja, anasikia si nyama, anatema. Ukihesabu mpaka tatu ameshaenda kwake."

Kosa la pili lilikuwa kinyume chake. Alianza kurusha mkono mara tu alipoguswa, akawa anamnyang'anya mbuta chambo kabla hajafunga mdomo. Ilimchukua msimu mzima kujifunza kilicho katikati: ukiguswa, endelea kuvuta kwa mwendo ule ule, usishtuke, mpaka mshipi uwe mzito. Hapo ndipo unapiga, mkono chini, kuelekea ubavuni.

Kila mguso una lugha yake. Jiwe hugonga mara moja, basi. Gugumaji huwa zito, na uzito huo hauna uhai. Ngege, samaki mdogo asiye na haraka, hutekenya mkia. Mbuta mwenye njaa hupiga dafrau. Ila mbuta mkubwa, yule wa karo ya shule, mara nyingi hapigi kabisa. Humfuata samaki wa mpira kwa nyuma, akamchukua mdomoni na kuendelea kuja upande wa mashua. Mshipi hupoteza uzito ghafla. Huyo hupaswi kumngoja hata kidogo, na huyo hajulikani ila kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ambacho mshipi hupita juu yake.

Na kidole hicho cha Achola kimekufa ganzi.

Anayasema haya ufuoni, Opondo akiwa amekwenda kutafuta mafuta ya taa. Anaangalia kwanza kulia na kushoto, kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya.

"Hii usiandike. Bado. Yeye hajui."

Ilianza Februari. Alikuwa akiamka usiku akikung'uta mkono. Alidhani ni baridi ya ziwa, akaupaka mafuta ya moto, akaufunga kitambaa. Kufikia Machi, kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa kama vya mtu mwingine. Zamani, kati ya mbuta kumi waliogusa, alinasa sita. Sasa akinasa mmoja anashukuru Mungu, na huyo mmoja ni yule anayejinasa mwenyewe kwa ulafi.

Aliaga kwamba anakwenda kumsalimia mama yake kule Kombewa, na kweli alimsalimia. Kabla ya hapo alipitia hospitali. Daktari alimwambia mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, kazi ya miaka mingi ya kuvuta. Akampa kifaa cha kufunga mkono usipinde na kumwagiza akivae wiki sita bila kuvuta mshipi. Asipopona, atatumwa Kisumu kwa upasuaji mdogo.

"Kifaa kiko wapi?"

"Ndani ya gunia la mahindi."

Mkono wa kushoto alishaujaribu. Anacheka anapouzungumzia, kicheko kifupi kisicho na raha. Mkono huo huvuta kwa kushtuka shtuka, na samaki wa mpira huogelea kama mlevi anayetafuta mlango.

Angeweza kusema mapema, na anajilaumu kwa hilo. Ila mambo yalimkimbilia. Mzee Ooko, aliyekuwa akimpigia kasia, alihamia kwa binti yake mwezi uliopita. Opondo, ambaye kwa miaka kumi na moja amekuwa katika kundi la mashua ya omena, yaani dagaa, kule Usenge, akirudi nyumbani Ijumaa na kuondoka Jumatatu, akasema basi, yatosha. Ataacha omena, atampigia mkewe kasia. Atalala kwake kama watu wengine. Jumatatu hii anakwenda Usenge kuaga. Nafasi moja katika mashua ile ina watu saba wanaoimezea mate. Akishaaga asubuhi, mchana haipo.

Leo ni Jumamosi.

"Anaacha kazi yake kwa sababu ya hii kidole," Achola anasema, akikishika kama kitu alichokiokota. "Na hii kidole imekufa. Nitamwambiaje? Amefurahi sana. Amenunua kasia mpya."

Opondo anarudi. Achola anachukua haraka samaki mwingine wa mpira, mweupe, ili amfunge ndoano kabla hawajaingia tena majini. Mikono inakwenda kwa mazoea. Anauliza kama amepata mafuta, anauliza bei, anaongea kuliko kawaida yake.

"Mama Akello," Opondo anasema. "Unatoka damu."

"Wapi?"

Neno hilo moja linatosha. Ncha ya ndoano imezama kwenye kidole cha shahada, na samaki mweupe amekuwa mwekundu mpaka mkiani. Achola anakitazama kidole chake. Hajakunja hata uso.

Opondo anachuchumaa mbele yake. Anaitoa ndoano taratibu, anakifunga kidole kwa pindo la shati lake. Kisha anasema, "Funga macho." Anachukua kijiti na kuanza kugusa vidole, kimoja kimoja.

"Hapa?"

"Sisikii."

"Hapa?"

"Bado hujagusa."

Alikuwa amegusa mara mbili. Anahamia kidole cha kati, kisha cha pete. Hapo Achola anasema anasikia nusu. Anafika kidole cha mwisho, kile kidogo.

"Hapo! Hapo nasikia, unaniumiza."

Opondo anakitupa kijiti majini. "Tangu lini?"

"Februari."

"Na huyu mgeni anajua?"

"Amejua leo."

Hilo ndilo linalomkata maini. Anainuka, anatembea mpaka mwisho wa ufuo kwenye nyavu zilizoanikwa, anasimama huko akiwa amewapa mgongo kwa muda mrefu. Achola analia bila sauti na kufuta machozi kwa mkono usiosikia. Siku hiyo hawakuingia tena majini.

Mwandishi wa makala haya alirudi Jumapili alasiri, baada ya kanisa, kuuliza kama anaruhusiwa kuandika. Aliwakuta uani. Kifaa cha hospitali kilikuwa kimetoka kwenye gunia na kufungwa mkononi, bado kina unga wa mahindi kwenye mikunjo.

"Andika," Achola anasema. "Sasa hakuna mtu nimeficha."

Opondo hataaga Usenge. Atarudi kwenye omena wiki hizi sita, labda zaidi, na kasia jipya limeegemezwa ukutani. Hasira yake haijaisha yote. "Miaka kumi na sita tumeoana," anasema. "Mguu ikiniuma mimi napiga kelele mpaka jirani anajua. Yeye ananyamaza."

"Nilikuwa naogopa."

"Mimi pia ninaogopa. Si tungeogopa pamoja?"

Opondo amenyoosha mshipi mrefu kukatiza ua; ncha moja ameifunga, nyingine ameishika. Yeye ameketi upande mmoja, nyuma ya banda la kuku, asikoonekana. Achola ameketi upande wa pili, macho ameyafumba, mkono uliofungwa umetulia pajani bila kuvuta chochote. Mshipi umelazwa juu ya kidole cha mwisho, kidole ambacho maisha yake yote hakijawahi kufanya kazi ila kusindikiza wenzake. Daktari amemkataza kuvuta. Kusikiliza hajamkataza.

Kutoka nyuma ya banda, Opondo anagonga mara moja.

"Jiwe."

Anatekenya.

"Ngege."

Anavuta kwa uzito, polepole.

"Mbuta?"

"Gugumaji!" Opondo anapaza sauti. "Hiyo umekosa."

Katika majaribio ishirini anapata kumi na moja. Anataka kufika kumi na nane kabla ya wiki ya sita kwisha, ndipo arudi majini, taratibu, na mshipi juu ya kidole kipya. Mkono usipopona, atakwenda Kisumu. Usiku bado anaamka akiukung'uta, na anaogopa kwamba kidole hicho nacho kitamkimbia. Hilo halifichi tena.

Kuku anapita chini ya mshipi. Kisha Opondo, bila kugonga, bila kuvuta, anainuka na kusogea hatua moja mbele, na mshipi unapoteza uzito.

Kidole kidogo kinajikunja.

"Huyo!" Achola anapiga ukelele, macho bado ameyafumba. "Huyo mkubwa! Anakuja kwangu!"